Anayefika kwanza ni mvuvi: barua ya wazi kuhusu uokoaji katika bahari ya Tanga

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), Halmashauri ya Jiji la Tanga na halmashauri za Mkinga, Muheza na Pangani, Idara ya Uvuvi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Polisi Wanamaji, na Baraza la Michezo la Taifa.

Waheshimiwa, tunawasalimu kwa heshima.

Tunaowaandikia ni watu wa chombo na maji: wakufunzi wa kuogelea na wa kuendesha mashua, mafundi wa mashine na wa faiba, na viongozi wa vikundi vya wavuvi wa pwani hii kuanzia Moa hadi Kigombe. Jambo letu ni moja. Chombo kikipata ajali katika bahari ya Tanga, anayefika kwanza ni mvuvi aliyekuwa karibu. Anakwenda bila redio, kwa mafuta aliyoyanunua mwenyewe, bila bima, na hakuna aliyemfundisha namna ya kumtafuta mtu majini wala kumrudishia pumzi. Boti ya serikali, hata ikiwa nzima na ina watu wake, haiwezi kutoka kabla ya taarifa kuifikia. Tunaomba mvuvi huyu aingizwe rasmi katika mfumo wa uokoaji, kupitia chama kimoja cha kujitolea kitakachokusanya vikundi vya BMU (vya wanajamii wanaosimamia uvuvi ufukweni), klabu za mashua, wapiga mbizi na waogeleaji wa pwani nzima ya mkoa.

Tuanze na hesabu ya maji, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini karibu mwaka mzima, na msimu wa kusi, upepo wa kusini, hushika kasi. Chukueni boti ya faiba ya mita 7 iliyozimika mashine saa nne asubuhi, mashariki ya kisiwa cha Ulenge. Mkondo wa noti 2 unaichukua karibu kilomita 3.7 kila saa, na kusi nayo inaisukuma. Saa nane mchana boti iko kama kilomita 15 kaskazini ya pale ilipozimika. Usiku ukiingia inakaribia maji ya Kenya. Wakati huohuo eneo la kutafuta linazidi kupanuka pande zote, kwa kuwa hakuna anayejua kwa hakika ilizimikia wapi na upepo umeisukuma kiasi gani. Kama baada ya saa moja mnatafuta ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 2, hizo ni kilomita za mraba 13 hivi, na boti mbili zinalimaliza upesi. Nusu kipenyo kikifika kilomita 8, eneo limevuka kilomita za mraba 200. Kichwa cha mtu majini ni kama nazi inayoelea. Mawimbi yakiwa ya mita moja na nusu unaweza kupita jirani naye usimwone.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: taarifa hutoka lini? Mara nyingi hutoka jua likizama, familia inapoona wenzake wamerudi na yeye hajarudi. Saa sita au saba zimekwisha. Dawa yake ni daftari, nalo halihitaji mfadhili. Kila diko, yaani mahali wavuvi wanaposhusha samaki, iwe Kasera, Deep Sea, Sahare, Tongoni au Kigombe, karani wa BMU aandike jina la chombo na rangi yake, idadi ya watu, mashine ya nguvu gani, namba ya simu ya nahodha na ya mtu wa nyumbani, anakokwenda, na saa aliyosema atarudi. Akichelewa saa moja, anapigiwa simu. Akichelewa saa mbili, taarifa inatoka kwa lazima, hata kama watu wanasema "atakuwa amefuata samaki". Tunajua nahodha wengi hawapendi kutaja wanakokwenda kwa sababu mwamba wenye samaki ni siri ya mtu. Inatosha ataje upande na umbali: kaskazini ya Ulenge, nje ya mwamba. Siri yake inabaki salama.

Na taarifa inakwenda kwa nani? Ipo 112 ya polisi, ipo 114 ya Zimamoto, zipo simu za TASAC, na kuna simu za maofisa ambazo kila mmoja anazo kwa kufahamiana. Mtu aliyeko kwenye boti inayoingia maji hana muda wa kuchagua. Tunaomba namba moja inayolia kwenye meza moja ya Tanga saa 24, ipakwe rangi ubavuni kwa ndani ya kila chombo kinachokaguliwa, herufi za sentimita 10, mahali ambapo nahodha aliyekaa kwenye tezi, nyuma ya chombo, anaisoma bila kuinuka. Anayepokea awe na ukurasa mmoja wa maswali: mko wangapi, mnaona nini pwani, kina kiko vipi, nanga imeshika, mmevaa majaketi, simu ina chaji kiasi gani. Swali la chaji ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu anayepigiwa na ndugu kumi wa kumpa pole anamaliza betri kabla mwokoaji hajamuuliza alipo.

Simu yenyewe ina mpaka wake. Karibu na ufuko inashika. Ukisogea nje inakatika, na ikilowa imekufa. Kifaa cha mawasiliano ya bahari ni redio ya VHF, chaneli 16, ambayo kila meli inayoingia bandari yetu inaisikiliza. Ukitoa wito wa hatari hapo, yaani "meidei" mara tatu, jina la chombo, mahali ulipo, shida yako na idadi ya watu, wanakusikia wote kwa pamoja, wakati simu inasikiwa na mtu mmoja. Lakini redio hii huenda kwa mstari ulionyooka na haipindi na mgongo wa dunia. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita. Kisha jumlisha pande zote mbili. Redio ya mkononi iliyo mita 1.5 juu ya maji inaona kilomita 5. Boti mbili za wavuvi zinasikilizana kilomita 10. Mnara wa mita 36 pale ufukweni unaona kilomita 25, ukijumlisha na za boti ni 30, na huo ni nusu tu ya njia ya kwenda Pemba.

Hapo ndipo tunaomba mtazame nyuma yenu, juu. Milima ya Usambara Mashariki iko kama kilomita 50 tu kutoka baharini, na ina migongo inayovuka mita 1,000. Antena iliyowekwa kwenye kimo hicho, kwa hesabu hiyohiyo, inaona kilomita 130, na bahari yote kati ya Tanga na Pemba inaingia ndani. Lazima wataalamu wapime kwanza ni mgongo gani usiozibwa na mwingine, na sauti iletwe mjini kwa kiungo cha uhakika. Hata hivyo mikoa mingi ya pwani haina mlima wa namna hii mgongoni mwake. Sisi tunao, na kwa kazi hii hautumiki. Kuhusu leseni za redio, tunaomba Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) itoe leseni moja ya kikundi kwa kila BMU, badala ya kila mvuvi kujaza fomu peke yake. Redio tano kwa kila diko, zinazorudi kwenye chaji kila jioni kwa karani yuleyule wa daftari, zinatosha kuanzia.

Sasa mafuta. Hapa tutasema wazi kwa sababu watu hulizunguka. Mashine ya nguvu 40 ya mipigo miwili ikienda kasi hunywa lita 15 hadi 20 kwa saa. Utafutaji wa saa nne ni lita 60 hadi 80. Huo ni mtaji wa safari kadhaa za uvuvi, na hakuna anayeurudisha. Nahodha anakwenda mara ya kwanza kwa utu, na mara ya pili. Mara ya tatu anaangalia tangi lake, na hatuwezi kumlaumu. Tunaomba mfuko mdogo wa mafuta ya uokoaji, unaolipa kwa lita ndani ya siku 7 kwa kuonyesha namba ya tukio iliyotolewa na meza ile ya simu. Pia kila diko liwe na madumu matatu ya lita 20 yaliyofungwa lakiri, yanayotumika na kujazwa upya kila baada ya miezi miwili, kwa maana petroli iliyochanganywa na oili ikikaa inaharibika na kuziba kabureta. Pamoja na hilo, iwepo bima ya kikundi kwa waokoaji walioandikishwa. Mwokoaji akivunjika mguu kati ya boti mbili, familia yake isile njaa kwa ajili ya wema wake.

Waheshimiwa wa ukaguzi, jambo la majaketi okozi linatuuma kuliko yote, kwa sababu hapo kosa linavaa sura ya usalama. Mtu amelipia, amevaa, na anazama. Tunaomba ukaguzi uache kuhesabu majaketi na uanze kuyapima.

Nguvu ya jaketi hupimwa kwa nyutoni, na nyutoni 10 ni kama kilo moja ya kuinua. Jaketi la nyutoni 50 linamsaidia mtu anayejua kuogelea, aliye macho, karibu na ufuko. La nyutoni 100 lina uwezo wa kumgeuza aliyezimia uso juu katika maji tulivu. Kwa safari ya nje ya mwamba linatakiwa la 150. Abiria wa visiwa vya Toten au Ulenge ambaye hajui kuogelea hafai kupewa la 50, na mara nyingi ndilo analopewa, kwa kuwa ni jembamba, halichoshi, na linapendeza kwenye picha.

Shikeni jaketi moja kutoka kwenye boti yoyote. Soma kitambulisho cha ndani: kama maandishi yamefutika, hamjui ni la kilo ngapi. Vuta mkanda wa kiunoni kwa nguvu zote za mkono mmoja. Uzi uliochomwa na jua unakatika kama uzi wa buibui huku kitambaa kikionekana kizima. Bonyeza povu kwa kidole gumba. Povu zuri ni gumu kidogo na linarudi mara moja. Lililokaliwa miaka miwili kama mto limebaki bapa, na hewa iliyokuwa inaelea imekwisha. Halafu fungua mshono wa chini sentimita tano mtazame ndani. Mkikuta sponji ya godoro, hiyo ni sumu. Sponji ina vitundu vilivyo wazi. Inaelea dakika chache, inakunywa maji, kisha inakuwa mzigo kifuani mwa mtu.

Kipimo cha mwisho ni cha pipa na siku moja. Funga jaketi la nyutoni 100 kwenye chuma cha kilo 11, litumbukize kwenye pipa la maji yasiyo ya chumvi au pembeni ya gati, liache saa 24. Kwa kipimo cha kimataifa, jaketi la kweli halipotezi zaidi ya sehemu 5 kwa 100 za nguvu yake kwa muda huo, kwa hiyo kesho yake linapaswa kuwa bado linaelea na chuma chake. Tumieni chuma, si jiwe: jiwe hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake likiwa majini, na jaketi bovu litafaulu mtihani kwa udanganyifu. Katika kila majaketi 20 ya boti, pimeni mawili kwa kuchagua wenyewe, asichague mwenye boti. Likifeli moja, yanapimwa yote.

Kuna na la watoto. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa kilo 18 linapanda juu, linabaki masikioni, na mtoto anateleza kwa chini. La mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, kichwa kiwe na kola ya kukishika, na filimbi. Boti inayobeba familia iwe nayo mawili angalau. Yote yavaliwe kabla ya kamba ya gati kufunguliwa. Jaketi lililofungwa kwenye gunia chini ya ubao wa mbele, nyuma ya dumu la petroli, ni mapambo. Isitoshe, mvuke wa petroli unakula povu lilelile.

Ajali nyingi za boti ndogo hapa haziletwi na dhoruba. Zinaletwa na mashine kuzimika, kisha mambo madogo yanafuatana. Maji yameingia kwenye petroli kwa sababu dumu lilifunguliwa kwenye manyunyu. Impela, kile kigurudumu cha pampu ya maji ya kupooza mashine, imetafunwa na mchanga wakati wa kuvuka fungu maji yakiwa yanapwa, nahodha hakuangalia kama ule mchirizi nyuma ya mashine bado unatoka, mashine imeungua. Pini ya pangaboi imekatika na hakuna ya akiba. Mambo haya yanazuilika kwa kopo moja: plagi mbili, spana yake, pini tatu, kipande cha mpira wa mafuta na vibanio, impela moja. Liongezwe kwenye orodha ya ukaguzi pamoja na kasia mbili, kata ya kufulia maji, tochi, kioo cha kumulika jua, kamba ya mita 30 na nanga yenye mnyororo wa mita 3. Ile kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi au mguuni mwa nahodha, isining'inie kwenye mashine. Nahodha akianguka na boti ikabaki inazunguka yenyewe, pangaboi linarudi alipo.

Na kuna jambo moja ambalo wengi hulikosea, nalo tunaomba lifundishwe kabla ya yote: mashine ikizimika, tupa nanga kwanza, ndipo ufungue kifuniko. Ukiwa ndani ya mwamba nanga inashika. Ukihangaika na plagi nusu saa, mkondo unakutoa nje ya mwamba, na huko bahari ya Pemba inashuka mamia ya mita. Hakuna kamba itakayofika chini. Ikishindikana, ndoo na tanga lililokunjwa, vikafungwa kwenye kamba ndefu na kutupwa omo, yaani mbele ya chombo, vinageuza chombo kielekee mawimbi na kupunguza mwendo wa kusukumwa. Chombo kikipinduka, watu wabaki nacho. Ngalawa ya mti haizami. Wakae upande wa mrengu unaoelea, wahesabiane kwa majina, mtoto akae katikati. Ufuko unaoonekana karibu ni mbali kuliko nguvu za mikono, na chombo kilichopinduka kinaonekana mbali mara nyingi zaidi ya kichwa cha muogeleaji.

Mafunzo ya mwokoaji si mengi. Siku mbili zinatosha kwa mtu ambaye tayari ni baharia. Ajifunze kutafuta kwa miraba inayopanuka: anaanzia pale chombo kinapokadiriwa kuwapo baada ya kuhesabu mkondo, si pale kilipoonekana mara ya mwisho, anakwenda mita 400, anakata kulia, 400 tena, anakata, 800, 800, kisha 1,200, huku watu wawili wakitazama pande tofauti na kila nusu saa mashine inazimwa dakika moja kusikiliza filimbi. Ajifunze kumkaribia mtu omo ikitazama upepo, na mashine kuzimwa kabla mtu hajafika usawa wa tezi.

Halafu pumzi. Ufukweni bado tunaona aliyezama akishikwa miguu kichwa chini, au akilazwa juu ya pipa na kuviringishwa ili "maji yatoke". Maji ya tumboni siyo yanayomuua. Anakufa kwa kukosa hewa, na kila sekunde ya kumning'iniza inakula ubongo wake. Alazwe chali mahali pagumu, kichwa kirudishwe nyuma, kidevu kiinuliwe, pua ibanwe, apewe pumzi 5 za mwanzo za kutosha kuinua kifua. Kama hapumui, kifua kikandamizwe mara 30 katikati, sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo bila kuchoka hadi afike mganga. Mtoto akandamizwe theluthi ya unene wa kifua chake. Akitapika, ageuzwe ubavu, asafishwe mdomo, waendelee. Akiamka, hata akisema yuko sawa na anataka kwenda nyumbani, apelekwe hospitali ya Bombo, kwani mapafu yaliyoingia maji yanaweza kufeli saa kadhaa baadaye. Karatasi moja yenye hatua hizi, iliyobandikwa kila diko, kila ofisi ya boti za wageni na kila shule ya pwani, haihitaji bajeti ya mwaka.

Chama tunachokiomba si kitu kigeni duniani. Uingereza ina RNLI, chama cha boti za uokoaji, tangu 1824, na boti zake nyingi hutoka na watu wa kujitolea, wavuvi na mafundi wa vijiji vya pwani. Serikali inaratibu, chama kinaokoa. Karibu yetu zaidi ni NSRI, chama cha uokoaji baharini cha Afrika Kusini. Mwaka 1966 wavuvi 17 walikufa kwenye dhoruba pale Stilbaai, na mwanamke aitwaye Patti Price, ambaye maisha yake yaliwahi kuokolewa na boti ya RNLI, akaanza kuandika barua kudai uokoaji wa kujitolea. Chama kikaanzishwa 1967. Kilianza na kiboti kimoja cha mpira. Tanga inaanza ikiwa na zaidi ya hicho: kuna BMU zilizosajiliwa, klabu ya mashua Ras Kazone, mafundi, na mamia ya mabaharia wanaoijua miamba hii gizani.

Baraza la Michezo nalo lina nafasi yake, ndiyo maana tumeliandikia. Mashindano ya ngalawa yanapendwa, lakini ngalawa ishirini zikipangwa kushindana wakati wa kusi bila boti mbili za uokoaji, na bila kila baharia kuvaa jaketi, haufai kuwa mchezo uliosajiliwa. Boti moja ya uokoaji ikae juu ya upepo, nyingine chini yake, na mashindano yasimame moja ikitoka kumvuta mtu. Sharti hilo liandikwe kwenye kibali. Na watoto wa shule za pwani wafundishwe kuogelea kabla ya darasa la nne. Bwawa halihitajiki. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, hapa hujaa mnamo saa kumi jioni, muda ambao shule zimefunga, na maji hayo ya ndani ya ghuba yanafaa. Mafunzo ya kwanza ni kuelea chali kwa dakika mbili, kugeuka, na kurudi kwenye kitu kinachoelea. Mwendo wa kasi baadaye. Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje wa kufundisha kuogelea umeonyesha kwamba wanawake na wasichana wanajifunza vizuri wakifundishwa na wanawake, wakiwa na mavazi yao ya stara. Akina mama wa mwani huku kwetu wanaingia majini kila bamvua, maji yakiwa yamepwa, na wengi hawajui kuelea yakirudi kwa ghafla nyuma yao kwenye mkondo wa ndani. Hao waanze wao.

Mambo mawili kwa boti za wageni. Fungu la Maziwe hufunikwa na maji yanapojaa, kwa hiyo saa ya kuondoka iandikwe kabla ya kuondoka Pangani, na boti isiende kuchukua kundi jingine huku watu wakiwa wamebaki kwenye mchanga. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, tangazo hilo lifike dikoni kwa bendera nyekundu ya kitambaa kwenye mlingoti, kabla ya alfajiri. Baharia anayeamka saa tisa usiku hafungui tovuti.

Mwisho ni mipaka. Boti yetu ikichukuliwa na mkondo kwenda Vanga au Shimoni, Kenya, au upepo utokao magharibi ukaiacha upande wa Wete, Pemba, tunahitaji mtu wa kumpigia kule. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1979 wa utafutaji na uokoaji unazitaka nchi zishirikiane hivyo na majirani zao. Tunaomba ukurasa mmoja wa makubaliano kati ya Tanga, KMKM wa Pemba (kikosi cha kuzuia magendo cha Zanzibar) na walinzi wa pwani wa Kenya: nani anapokea simu usiku, chaneli ipi baada ya 16, na mwokoaji aliyevuka mpaka akimvuta mtu asihojiwe kuhusu leseni ya uvuvi siku hiyo.

Tunapendekeza zoezi la kupima haya yote tarehe 25 Julai, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya kuzuia vifo vya kuzama majini. Kwetu ni katikati ya kusi, bahari ikiwa na ukweli wake. Sisi tutaleta boti mbili, mabaharia wanane, na mdoli: ovaroli la rangi ya chungwa lililojazwa madumu, uzito wa kilo 50. Saa tatu asubuhi litaachwa mashariki ya Ulenge, mahali mtakapopachagua ninyi na sisi tusiambiwe. Mwanafunzi mmoja wa shule atapiga simu moja, kwa namba yoyote anayoijua. Tutaanza kuhesabu dakika hapo.

Wenu katika kazi ya bahari,

Wakufunzi, mafundi na mabaharia wa kujitolea,
Tanga